Mfupi Aliyesimama Mwisho wa Mstari

Juzi binti yangu aliniletea zoezi lake la Kiingereza, tall, taller, tallest, akataka nimsikilize. Rafiki yangu, mimi ninayelisha nusu ya soko la Kalerwe hapa Kampala kwa malori yangu mwenyewe, niliyeanza na toroli la kuazima, nilisingizia simu nikatoka nje. Uso ulikuwa unaniwaka.

Enzi za utawala wa wanajeshi nilisoma shule moja nyuma ya mtaa wa Wandegeya. Baba alikuwa sajenti. Sukari ilipoadimika Kampala nzima, kwetu kambini chai ilikuwa tamu hadi midomo inanata. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa na desturi yake: husimamisha watoto watatu mbele ya ubao, wa tatu ndiye aliyewapita wenzake, nasi tunaimba tukipiga madawati. Wa tatu nilikuwa mimi siku zote. Tallest, strongest, cleverest. Nilikuwa mfupi kama kinu, na kusoma sikujua, lakini niliamini. Nikirudi, mama huuliza, “Leo umekuwa nini?” kisha ananiongezea andazi.

Siku moja akaja binti wa muuza mihogo, mgeni, mrefu kama muwa. Mwalimu akamweka katikati, mimi mwisho. Binti akaniangalia kutoka juu. “Mwalimu, huyu atafutiwe tofali kwanza.”

Darasa likacheka, kisha likakumbuka baba yangu ni nani, likanyamaza. Mwalimu hakumkaripia. Alinivuta mlangoni, akainama, shati limemganda mgongoni. “Mwanangu, haya baba asiyasikie. Nakuomba. Nina watoto.”

Mtu mzima ananibembeleza mimi wa kaptura. Nilisema ndiyo, na nyumbani sikufungua mdomo. Kumbe sifa zote zile nilipewa kwa woga. Andazi la mama nikalirudisha sahanini.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kusimama mwanzo wa mstari, penye tall. Nilitaka anipime kwa haki, mara moja tu. Mwalimu akanishika bega taratibu, akanirudisha mwisho. “Pako ni hapa, bwana mdogo.” Binti safari hii aligeukia ubao. Wakaniimbia.

Basi nikawa naaga nyumbani na kuishia sokoni. Utawala ulipoanguka baba akakimbia, na shule ikawa ndiyo basi. Leo pale shuleni pamejaa hosteli na vibanda vya chapati; mwalimu sijui alizikwa wapi. Watu huniita tajiri, mkubwa, nami huitika. Lakini darasani kwetu, kwa kweli, nilikuwa wa ngapi? Sijui, na wa kuniambia hayupo.