Ng'ombe Mjumbe wa Ndoa Yangu

Kanisani kwetu Elerai mimi ndiye nafundisha mabinti wanaokaribia kuolewa. Nawaambia mume na mke wasilale wamenuniana, wapige magoti waombe pamoja. Juzi mume wangu akanunua televisheni bila kuniuliza, nikaacha kumsemesha. Tukiwa na neno, kila mtu anamtuma ng'ombe.

Jumamosi nakamua, nikasikia mtu nyuma yangu. Sikugeuka. "Ng'ombe, mwambie huyo baba chai ipo jikoni, akanywe na mke wake televisheni."

"Shikamoo mama," ikajibu sauti ya binti. Alikuwa bibi harusi mtarajiwa, amekuja kwa somo la amani ya nyumbani. Mume wangu, aliyemleta mpaka zizini, akamgeukia ng'ombe: "Mwambie mwalimu mwanafunzi wake amefika."