Siku Nne Bila Kifuniko

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kukaa bila kufanya lolote, na kwangu hiyo ni adhabu. Mimi ni mtu wa mdomo. Nikiona jambo halijakaa sawa naongea, nikinyamazishwa nabubujika. Sasa niwekwe kwenye kigoda nimtazame dada yangu anajipiga ngumi sikioni, niwe nachora vijiti tu kwenye daftari, kijiti kimoja ngumi moja, bila kumgusa. Wiki nzima. Nilikuwa nikimaliza naenda kulia kwenye kabichi.

Dada ni mkubwa wangu na haongei, hajawahi. Tunaishi watatu juu kidogo ya Lushoto mjini: bibi aliyetulea, dada na mimi. Wenzangu niliosoma nao wote wameshuka, wengine Tanga, wengine Dar. Siku za soko napeleka karoti Soni, nakuta vijana wa bodaboda wananiuliza mi naolewa lini na nitaondoka lini. Nawajibu vibaya. Nikiondoka mimi, dada anabaki na nani anayejua kwamba akianza kusugua kidole gumba ngumi iko njiani?

Elimu hiyo ya kuhesabu niliipata kwenye simu, kitabu cha Kiingereza, nikawa nakisoma na kamusi, ukurasa mmoja siku tatu. Kilichonishika ni kwamba hakikutaka watu mia. Kilisema mtu mmoja anatosha. Humlinganishi na mtoto wa jirani, unamlinganisha na yeye mwenyewe. Kwanza unahesabu kabla hujafanya kitu, halafu unaleta kitu kimoja unahesabu tena, halafu unakiondoa uone kama hali inarudi nyuma. Nilipofika hapo pa kukiondoa nikafunga simu. Nikasema hao walioandika hawana dada.

Kitabu kilitaka pia wahesabuji wawili, wasioangaliana, kwa sababu anayependa hujidanganya. Nani wa pili? Bibi. Hajui kuandika, akachukua maharage kwenye upande wa kanga, kila ngumi anadondosha moja kwenye bakuli. Tulikaa kila mmoja upande wake wa dada, tumefichana hesabu, kila baada ya alasiri, wakati majirani wanakuja uani kupukuchua mahindi na kupiga soga. Vijiti vyangu na maharage yake vilikaribiana kila siku. Na tukaona wote wawili: sauti zikiwa nyingi, anajipiga. Ukimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye mti wa plamsi, anaacha.

Basi nikampa kifuniko chekundu cha dumu. Nilimfundisha kwa kumshika mkono: ukizidiwa, nipe hiki. Akinipa, nanyanyuka hapo hapo hata kama nina unga mikononi, tunaenda kwenye plamsi. Ndani ya siku chache vijiti vikapungua. Mimi nikawa natembea kama nimechaguliwa diwani.

Kumbe wiki ile ile bibi alikuwa ameanza kumpa dada kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kusuuzwa kwa maji, kila asubuhi kikombe. Hakuniambia, na mimi sikuwa nimemwambia kifuniko ni cha kazi gani, alidhani ni mchezo. Kwetu mgonjwa kila mtu anamletea dawa yake kimya kimya. Ukiuliza mwenzio anatumia nini, ni kama unamdharau. Ndivyo tulivyoharibu hesabu yetu sisi wenyewe: haikujulikana kipi kimemtuliza.

Akaja baba mkubwa kutoka Vuga, mtoto wa kwanza wa bibi, yeye ndiye mwenye kauli kwenye familia. Alimkuta dada ametulia, akamshukuru Mungu mpaka machozi. Halafu akatoa uamuzi. Mwalimu anayeandika lile kombe anakaa Mnazi, basi dada ahamie kule, kwa ndugu zetu, awe karibu na tiba. Mavuno yakiisha anashuka.

Mnazi, nyumba ya watu kumi na saba, chumba cha uani, joto. Nani kule angejua habari ya kidole gumba?

Nilimpigia kelele. Baba mkubwa, mbele ya majirani. Nilisema maneno yaliyomfanya bibi aniite ndani na kunipigisha magoti niombe radhi, na nikaomba. Shikamoo yangu ilitoka na meno. Halafu, bado niko chini, nikamweleza baba mkubwa habari ya kifuniko.

Alicheka. "Kumbe mtu anatibiwa kwa kifuniko cha dumu. Basi muuza madumu wa Soni ana hospitali nzima na hajui."

Hata mimi ilinichekesha, ndiyo iliyoniuma. Nikamwambia sibishani na kombe. Kombe liendelee vile vile. Mimi nitaficha kifuniko siku tano, na bibi ahesabu.

"Na akiendelea kutulia?"

"Mtamchukua. Mzigo wake nitaufunga mimi."

Akakubali, akalala kwetu kusubiri.

Siku ya kwanza dada hakujipiga sana, na mimi nikatamani ajipige. Nimeandika hivyo na sifuti. Siku ya pili alitafuta: chini ya mto, kwenye ndoo, akaja akafungua kiganja changu kidole kimoja kimoja. Jioni vijiti vikaanza kujaa.

Siku ya tatu akaniletea kifuniko cha chupa ya chai.

Alikuja nacho katikati ya uani, watu wanaongea, akanyoosha mkono. Sikupokea. Akaenda akaleta cha sufuria. Akaleta kisahani cha sabuni, maji yanadondoka. Mtu ambaye hajawahi kutamka neno alikuwa ananiambia kwa kila kitu cha mviringo kilichomo kwenye nyumba ile, na mimi nimekalia mikono yangu. Majirani walidhani anacheza, mmoja akasema leo anapanga vyombo. Dada alinitazama usoni, na yeye si mtu wa kutazama usoni. Halafu akaanza ngumi.

Siku ya nne sikio likatoa damu. Nikasimama, nikatupa daftari, lakini bibi alikuwa ameshanyanyuka kabla yangu. Baba mkubwa akasema imebaki siku moja. Bibi alichukua bakuli akalimimina lote kwenye mapaja ya baba mkubwa, juu ya kanzu yake.

"Mwanangu, kombe nimempa leo kwa mkono huu. Jana nimempa, juzi nimempa. Hesabu."

Grafu yangu ya ukutani baba mkubwa hakuwa ameitazama hata mara moja. Maharage ya mama yake aliyahesabu yote, akirudia pale alipokosea, na sisi tumesimama. Alipomaliza akayarudisha kwenye bakuli taratibu.

"Abaki," akasema. Kesho yake akapanda gari ya asubuhi kurudi Vuga. Bibi anaendelea kutoa kombe, na mimi sina neno.

Kifuniko nilikirudisha jioni ile ile ya siku ya nne, nikakiweka mkononi mwa dada. Hakukitumia siku mbili, alikishika tu kifuani. Siku ya tatu sauti zilizidi uani, nikamwona anasugua kidole gumba, nikaacha kisu, nikanyoosha kiganja. Akanipita. Akampa bibi, na bibi na magoti yake mabovu akanyanyuka akampeleka kwenye plamsi.

Vijiti vimeshuka kuliko mwanzo. Ukikiangalia kile kipande cha ukuta nilichochora kwa mkaa, utasema kazi imekwisha: juu, chini, juu, chini. Inapendeza. Hakuna mtu hapa wa kumwonyesha, nilijaribu kumpigia rafiki yangu mmoja aliyeko Dar, akasema hongera, akauliza kama mvua imenyesha.

Kitabu hakikuwa na mahali pa kuandika kifuniko anampa nani, kwa hiyo nimechora safu mbili kwa mkono wangu, ya bibi na ya kwangu. Baada ya alasiri nakaa kwenye kigoda kile kile, kiganja wazi juu ya goti, simwiti wala simfuati. Jana dada alisimama mbele yangu kidogo, ukungu unapanda, kifuniko kikiwa mkononi. Halafu akaenda kwa bibi.

Kusimama sijui kunaandikwaje. Nimeweka nukta, kwenye safu yangu.