Dakika Nne za Mwalimu

Mke wangu alinikuta mchana kweupe nimelala chali, homa imenikamata, mkono wa kushoto naupunga hewani kama ninamuaga mtu aliyeko darini.

"Mume wangu, unamuaga nani?"

"Simuagi mtu. Naipa saa chakula."

Akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kulia.

Simlaumu. Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kimoja chenye ufa, na wapiga soga wengi kuliko wateja. Miongoni mwa wateja wangu wa kudumu yuko mkuu wa shule mmoja mstaafu. Mbele yake tunamwita Mwalimu. Akigeuka, Mwalimu Dakika.

Jina hilo amelipata kihalali. Enzi zake kengele ya shule ilifuata saa yake ya mkononi tu. Ukimwonyesha saa ya ukutani anasema, "Hiyo imechelewa." Ukimwonyesha simu, "Hiyo nayo imechelewa." Dunia nzima ilikuwa imechelewa, isipokuwa mkono wake.

Siku moja nilipomaliza kumnyoa hakunyanyuka. Akavua saa, akaiweka kwenye kiganja changu.

Jamani.

Mimi nimezoea saa zetu hizi kubwa, zenye vitufe vitatu na taa, zinazopima mpaka kina cha bahari wakati mwenyewe hata kuogelea hujui. Hii ilikuwa nyembamba kama biskuti. Uso mweupe mtupu. Hakuna namba, hakuna tarehe, hakuna mshale wa sekunde. Vijiti kumi na viwili vyembamba, mishale miwili, basi.

"Mwalimu, mbona kama hawakuimalizia?"

"Waliimaliza. Waliondoa kila kisichohitajika, wakaacha saa. Igeuze."

Nikaigeuza. Mgongo wake ulikuwa kioo. Ndani kulikuwa na vigurudumu vyenye meno, na vijiwe vyekundu vidogo kuliko punje ya mchele. Juu yake kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara kilizunguka kila nilipotikisa mkono. Na pembeni kabisa kulikuwa na waya mwembamba kama unywele, unajikunja na kujikunjua, unajikunja na kujikunjua.

Mimi nywele ndiyo kazi yangu, lakini unywele unaopumua sijawahi kuuona. Mteja aliyekuwa akisubiri alikohoa mara tatu ndipo nikamsikia.

"Haina betri," Mwalimu akasema. "Hicho chuma ndicho kinachoitia ufunguo. Mkono ukitembea, kinazunguka. Mkono ukitulia siku moja na nusu, saa inasimama. Na hii haijasimama tangu siku ya harusi yangu. Miaka thelathini na minne."

Shida ilikuwa hivi. Alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, na daktari amemwamuru alale kifudifudi wiki mbili bila kujitikisa.

"Si umpe mwanao?"

"Nilikwenda ofisini kwake nikamtazama kutwa nzima. Hakunyanyua mkono ila kunywa chai."

"Na Mama nyumbani je?"

"Mama hana habari na saa. Wewe mkono wako wa kushoto unageuza vichwa vya watu toka asubuhi. Vaa wewe. Na hicho kitufe cha pembeni usikiguse."

Nikakubali. Sijui nani alinituma.

Ubaya wa saa isiyo na mshale wa sekunde ni kwamba hujui kama iko hai. Kila dakika kumi naiweka sikioni. Fundi viatu wa jirani, ambaye mdomo wake haujui likizo, akatangaza mtaa mzima kwamba kinyozi siku hizi anaongea na mkono wake na mkono unamjibu.

Nyumbani nako hakukuwa na amani.

"Hiyo saa umepewa na mwanamke gani?"

"Nimepewa na Mwalimu."

"Mwalimu wa kike?"

Lakini niseme ukweli, saa ile ilinibadilisha. Nilianza kuchomekea shati. Nikikosa wateja naigeuza, natazama ule unywele ukipumua, na moyo wangu unatulia. Ilinifurahisha kwamba kitu kizuri namna ile kinaishi kwa sababu tu mimi nafanya kazi.

Siku ya tisa homa ikanilaza.

Hapo ndipo mke wangu aliponikuta nalisha saa. Mimi nilijua nafanya nini. Yeye akajua homa imenipanda kichwani. Nikanywa dawa, nikalala usingizi wa mfu.

Nilipopata nafuu siku ya tatu ya homa, mkono ulikuwa mtupu.

"Saa iko wapi?"

"Nimekuhifadhia vizuri," akasema kwa fahari. Akapanda kwenye stuli, akashusha kopo la biskuti kutoka juu ya kabati. Kifuniko amekizungushia utepe wa gundi. Ndani kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna kitambaa kingine, na ndani ya kitambaa hicho kuna marehemu.

Nikaigeuza. Unywele umetulia tuli.

Miaka thelathini na minne imepita salama kwenye mkono wa Mwalimu, halafu saa inakuja kufia kwangu, kwenye kopo la biskuti! Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Nilipomweleza mke wangu, naye akashika kichwa. "Mimi niliona ni kitu cha thamani, nikakitunza!"

"Ndicho kilichoiua."

"Basi itikise."

Nikaitikisa. Chuma kikazunguka, unywele ukajikunja, ukajikunjua. Ikafufuka! Nikavuta kile kitufe nilichokatazwa, nikailinganisha na simu yangu, sawasawa kabisa. Nikajipongeza. Nani atajua?

Wiki mbili zilipotimia nikairudisha. Mwalimu alikuwa sebuleni, macho yanang'aa, kavaa shati jeupe. Mkewe alikuwa anamimina chai.

"Karibu, kinyozi! Sasa naona mpaka chunusi zako."

Nikampa saa. Akaisogeza karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akaitazama simu yangu niliyoiweka mezani. Halafu akanitazama mimi.

"Haikusimama?"

"Haikusimama, Mwalimu."

Hapo hapo akili ikanirudi. Mtu ambaye miaka yote saa za dunia nzima kwake zimechelewa, maana yake nini? Maana yake saa yake iko mbele! Na mimi nimeiweka sawa na simu.

"Mama," Mwalimu akasema, "taarifa ya saa saba inakaribia. Hebu ifute hii saa, ina vinywele vya watu. Kisha uniletee redio."

Nimekwisha, nikajisemea. Redio ikitangaza saa saba na saa yake ikisema saba, ataniumbua mbele ya mkewe, na mtaani sitapita. Nikabeba birika kumfuata Mama jikoni, nia yangu niungame kwake kwanza.

Mama hakuwa anafuta chochote. Alikuwa ameshavuta kile kitufe kwa ukucha, anakizungusha polepole, kazi ya mtu aliyezoea.

"Umeiweka sawasawa na simu," akaninong'oneza. "Hapo ndipo ulipoharibu."

"Mama, nisamehe, niliugua, ikasimama…"

"Husimama. Akiugua husimama. Akikaa likizo anasoma vitabu kutwa, husimama. Nimeiamsha mara nyingi mpaka hesabu imenipotea."

"Na kuisogeza mbele?"

"Dakika nne. Alichelewa harusi yetu, mwanangu. Watu wamekaa, mimi nimekaa, bwana harusi hayupo. Baba yangu akampa saa hii siku ileile. Mimi nikaisogeza mbele. Hajachelewa tena." Akabonyeza kitufe ndani. "Ukimwambia, nitakunyoa mimi. Bila maji."

Tukarudi sebuleni na redio. Mwalimu akavaa saa, akafungua redio. Mtangazaji akasema ni saa saba kamili. Mwalimu akanyanyua mkono, akautazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Saba na dakika nne. Miaka thelathini na minne, na hawa watu hawajajirekebisha!"

"Waache tu," Mama akasema, anakoroga chai. "Hawataki kujifunza."

Nilikunywa chai kwa mikupuo mitatu nikaaga. Mwalimu akanisindikiza mpaka getini. Akatazama nyuma, akahakikisha mlango umefungwa.

"Kinyozi, ilisimama siku ngapi?"

Nikakosa pa kujificha. "Sijui, Mwalimu. Niliugua siku tatu."

"Nilijua. Ulipoiweka mkononi mwangu ilikuwa sawa na simu yako. Ndiyo maana nikampa Mama aifute."

"Kwa hiyo… unajua?"

"Nimefundisha hesabu maisha yangu yote. Unadhani dakika nne zingenipita?"

"Sasa mbona hujawahi kumwambia?"

Akaivua saa, akaigeuza, akautazama ule unywele. "Mwaka wa kwanza niliugua vibaya. Nilipopata fahamu nikaikuta inatembea, na iko mbele dakika zilezile nne. Nikajua kuna mtu alikaa macho kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo kila nikiugua, nikiamka naitafuta kwanza saa." Akaivaa tena. "Nikimwambia najua, ataona haya, ataacha. Na mimi sitaki aache."

Akanipa mkono. "Usimwambie."

Kwa hiyo watu wawili wamenikabidhi siri moja, kila mmoja anamficha mwenzake. Nami nimekuja kuimwaga hapa, kwa kuwa najua wote wawili hawasomi mambo ya mtandaoni.

Nilichojifunza ni hiki: vitu vizuri havifi kwa kutumika, vinafia kwenye kopo la biskuti. Na ukiona jambo lako limekwenda vizuri miaka mingi bila kusimama, usijisifu haraka. Chunguza nani huliamsha wewe ukiwa umelala.

Mimi nilichunguza siku ileile. Maana mtaani nasifiwa sana kwa kuwahi kufungua kibanda. Nilifika nyumbani, nikaitazama saa yetu ya ukutani, nikatoa simu, nikalinganisha.

Dakika kumi mbele.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo, kanipa mgongo.

"Kuna nini?" akauliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu," nikasema. "Naona tu simu yangu imechelewa."