Kitufe cha Sukari

Mtaani walimwita Mama Panya, bila kumwomba ruhusa. Kazi yake ilikuwa kusafisha matundu ya panya maabarani. Panya wenyewe walikuwa mateja walioajiriwa, chakula na malazi juu ya mwajiri. Kila tundu lilikuwa na vitufe viwili: panya akibonyeza kimoja, mrija unampa unga wa kulevya mshipani, akibonyeza kingine, inadondoka punje ya sukari. Wiki hiyo walipewa dawa mpya ya kuwaachisha unga, na vitufe vya unga vikanyamaza.

"Wamepona hawa!" akasema Mama Panya.

Daktari, kijana mwenye shahada nyingi kuliko mashati, hakucheka. "Taratibu, mama. Lazima sukari waendelee kuitaka. Huyu wa pembeni hajagusa hata sukari. Hajapona, dawa imemzidi. Hivi hivi mwisho anaacha na kupumua."

Ufagio ukamponyoka. Nyumbani alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba wao, aliyeanzishiwa dawa kliniki ili aache unga. Zamani alikuwa akitukana na kuuza sufuria. Aliuza hadi kopo la sukari, ndiyo maana la sasa lilikaa kabatini chini ya kufuli. Tangu aanze dawa, katulia kama maji mtungini, na dada mtu akajitapa kwa majirani. Asubuhi hiyo alimwacha amelala na chai haijaguswa. Akamfunika shuka vizuri, akatoka anaimba. Anaimba!

Alirudi mbio na gauni la kazi, viatu vya mpira vikimpiga visigino. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Chai ilikuwa palepale, nzi amefia ndani.

"We! Amka!"

Akamtikisa bega.

Akampelekea kiganja puani. Alikuwa bado anahema kwa mbio, hakujua ile pumzi ni ya mdogo wake au ni yake mwenyewe.

Jicho moja likafunguka. "Dada, unanipima pua? Nimekuwa panya?"

"Kwa nini hukunywa chai?"

"Chai gani? Yale maji ya kusuuzia vikombe? Nilionja, hata sukari hukutia!"

"Sema tena."

"Sukari, dada! Nataka sukari!"

Ufunguo ulimshinda mara mbili kuingia kwenye kufuli. Alipolifungua, akammiminia chai nyingine, akamwekea kopo zima mapajani, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda akimwangalia akinywa. Kila mdogo wake alipomeza, na yeye alimeza mate.