Chumba Kisicholala Peke Yake

Mguu wa kitanda ulizama alasiri, jua likiwa bado kali, mtoto wangu amelala juu yake. Haukuvunjika. Ulizama tu, polepole, kama kisu kwenye boga lililoiva, mpaka kitanda kikainama na mtoto akateleza hadi ukutani. Nilimnyakua, nikachungulia chini. Udongo wa pale ulikuwa mlaini, mweusi kuliko sakafu nyingine, umefukiwa kwenye shimo lenye urefu wa mtu. Mvua haikuwa imenyesha tangu tufike, lakini nilipougusa vidole vyangu vilitoka vimelowa.

Subira yangu ilikatikia hapo. Nilitoka uani na mtoto kifuani, nikamkuta bibi mwenye nyumba anachambua mchele, na kwa mara ya kwanza sikumwamkia. Nilimuuliza wamezika nini chini ya kitanda changu.

Alinijibu bila kuinua macho. "Hakuna aliyezikwa humo, mwanangu. Aliyezikwa yuko makaburini. Humo alioshwa tu."

Niseme ukweli: chumba nilikichagua mwenyewe. Tulitoka Masasi, mie na binti yangu wa mwaka mmoja na nusu, tukapanda meli Lindi, kwa ajili ya kifua chake. Daktari wa mjini alitaka kumwona kila Alhamisi kwa miezi miwili, na alinisisitizia jambo moja: asilale penye unyevu wala karibu na mtu anayekohoa. Mume wangu, mwalimu, alibaki na darasa lake. Kinondoni watu wa kwetu walikuwa tayari kutupokea, lakini ni wachonga vinyago, na vumbi la mpingo limejaa mpaka kwenye chungu cha uji. Kariakoo nilioneshwa chumba cha watu sita, wawili wanakohoa. Temeke nikapata nyumba tulivu, kituo cha basi kiko karibu, chumba cha mwisho kimefagiwa, kitanda kipo, kibatari kinawaka mchana kweupe. Nilidhani ni ukarimu. Bibi hakuuliza tutakaa muda gani. Aliuliza kama tutalala humo kila siku, kama hatutakwenda kulala kwa ndugu. Nikamwambia nduguze mtu mjini ni miguu yake. Akamshukuru Mungu, tena kwa sauti.

Nilipaswa kushtuka pale pale. Wapangaji hawakuvuka kizingiti changu hata siku moja. Nikiomba kaa la moto, nilipewa kutokea nje, mkono umenyooshwa. Wanawake nisiowajua walikuja asubuhi, wakavua viatu, wakanipa pole, nami nikajibu nimeshapoa, nikidhani wanamwonea huruma mwanangu. Mmoja aliketi kitandani kwangu, akakipapasa, akalia, akaenda zake bila kumtazama mtoto. Kwenye basi, mama niliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza nimefikia nyumba ipi. Nilipomweleza, alimhamishia mwanawe kwenye goti la pili, mbali nami, akatazama nje mpaka tukafika Kariakoo. Na binti yangu, kila nilipomweka chini, alikwenda uvunguni, akatulia huko, akiupigapiga udongo kwa kiganja kama mtu anayebembeleza.

Sasa bibi alinieleza yote, bila haraka, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Kwao maiti huoshewa chumbani, juu ya kitanda, na chini huchimbwa ufuo wa kupokea yale maji. Baada ya mazishi ufuo hufukiwa, taa huwashwa, na mtu hulala juu yake mpaka arobaini ipite. Chumba hakilali peke yake. Binti zake walilala siku tatu, wakakimbilia kwa waume zao.

"Nikaletewa wewe," alisema.

Mie ni Mkristo wa Masasi. Shuleni nilikaririshwa mito ya Ulaya, hili sikufundishwa. Nilimuuliza marehemu alikuwa nani. Mwanawe wa kiume. Nikamuuliza aliugua nini. Hapo mchele ukawa na mawe mengi ghafla.

Mtoto akakohoa. Muuza maandazi wa chumba cha pili, aliyekuwa akifua pembeni, aliacha nguo ndani ya beseni. Alinitazama kwanza mie, kisha bibi, kisha akasema taratibu: "Mtoe huyo mtoto, dada. Marehemu alianza hivi hivi. Kikavu, tena alasiri."

Bibi akaokota jiwe jingine kwenye mchele.

Siku hiyo hiyo tulihamia Kinondoni, kwenye vumbi. Alhamisi, baada ya hospitali, nilikwenda ofisi ya Liwali. Karani alinishauri mambo ya maiti niyapeleke msikitini, na barua aandike mume wangu. Nikamwambia na maiti sina ugomvi, na kalamu najua kuishika. Niliandika hivi:

*Kwa Bwana Liwali. Kwa heshima, nalalamika kwamba nilipangishwa chumba Temeke bila kuambiwa kuwa maiti ilioshewa humo siku chache kabla; kwamba mimi na mtoto wangu, mgonjwa wa kifua, tulilazwa juu ya maji ya josho lake siku kumi na tisa ili chumba kisikae bila mtu. Desturi ya watu siilaumu. Naomba mwenye nyumba aamriwe kuitimiza mwenyewe, alale humo siku zilizobaki. Naomba pia aitwe mbele yako, aulizwe mwanawe alikohoa muda gani, na kama alitema damu, na lini, maana daktari ananiuliza, na mimi sina la kumjibu.*