Acha Ukuta Ukauke

Mwanangu, siku niliyoharibu ukuta wa shangazi yangu naikumbuka mpaka leo, utadhani udongo wake bado uko kwenye kucha zangu.

Tulikuwa kule Zombo, nami ni msichana mwenye mdomo mkubwa kuliko akili. Wakwe wa kaka yangu walikuwa wanakuja kesho kutwa, na shangazi, ndiye aliyenilea, akanipa ukuta wa mbele niupambe: udongo mwekundu kote, halafu maua ya udongo mweupe juu yake. Yeye alikuwa na kawaida yake. Kabla hajagusa ukuta, anapaka udongo kidogo kwenye kigae cha chungu, anakianika juani, anakaa anasubiri. Mimi nikaona huo ni uzee tu.

Nikapaka ule mwekundu. Haujakauka, nikarukia mweupe. Sasa udongo mweupe ukiwa mbichi hauonyeshi kitu, ni kama maji ya mchele. Nikadhani haujashika. Nikaongeza. Nikasugua. Mwekundu wa chini ukaamka, ukapanda juu, maua yangu yote yakawa uji wa ulezi uliomwagika.

Shangazi akatoka na ungo mkononi.

"Nani kakutuma upigane na ukuta?"

"Shangazi, huu udongo mbaya."

"Udongo hauna ubaya. Kibaya ni huo mkono wako usiotulia. Kaa chini. Usiguse mpaka nikwambie."

Nikakaa, wenzangu wanapita na ndoo wananicheka. Ulipokauka, akanipa kisu nikakwangua, nikaanza upya, kigae kwanza. Wageni walipofika, maua yalikuwa meupe pee. Mama wa bibi harusi akauliza nani kapamba. Shangazi akasema, "Huyu hapa, baada ya kufundishwa na kigae."

Nyumba ile mto ulishaichukua. Shangazi tulishamzika. Picha hatuna, nani alikuwa na kamera? Basi mjukuu wangu Tausi, anayefanya kazi hotelini Mikumi, alipoacha hapa kwangu Magomeni boksi la rangi anayoiita gwashi, rangi ya maji nzito iliyo kwenye vitubu kama dawa ya meno, nikasema nitaichora nyumba ile wakati bado naiona kichwani. Nikifa nayo, imekwisha.

Shule niliishia darasa la tatu, na brashi sijawahi kushika. Nikachafua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano. Jumapili Tausi akaja, akaniamkia, nikamwitikia, akachungulia.

"Bibi, hii ni nyumba au mafuriko yenyewe?"

"Cheka, meno ni yako."

"Nitakuletea penseli za rangi, bibi. Gwashi ngumu kwa watu wazima."

Watu wazima! Nikamtuma jikoni akasonge ugali. Nikabaki naitazama ile karatasi: nyekundu imeamka, imepanda juu ya nyeupe. Uji wa ulezi! Mwanangu, nilicheka peke yangu mpaka kiuno kikauma. Nimezaa, nimezika, nimezeeka, na mkono ni uleule.

Nikakata katoni ya sabuni vipande, hivyo ndivyo vigae vyangu. Kila rangi naijaribu hapo, naiacha dirishani ikauke, maana gwashi nayo ina uongo ikiwa mbichi: ya giza ikikauka inapauka, ya mwanga inakolea. Ya chini ikikauka kabisa, naweka ya juu ikiwa nzito, maji kidogo, mara moja, naondoa mkono. Sisugui.

Sasa nyumba iko ukutani kwangu, na ni nzuri, nasema mwenyewe. Tausi alisimama mbele yake, akauliza, "Bibi, huyu aliyekaa mlangoni na ungo ni nani?" Nikamtajia jina lake. Hakuwahi kumwona, sasa anamjua.

Basi mwanangu, kazi ikikuharibikia mkononi, usiisugue ikiwa mbichi, wala usilaumu rangi. Jaribu pembeni, acha ikauke, ndipo uihukumu. Na kilichomo kichwani mwako kianze leo, hata kwa mkono mbovu, kwa sababu mkono hufundishika ila aliyesahaulika harudi.

Mungu akutulize mkono. Akupe wa kukuuliza "huyu ni nani?", na akuweke hai, umjibu.