Mama Neema Juu ya Barafu

Chuma kikipita juu ya barafu hutoa sauti kama ya kisu kikali kinachopasua kitambaa kipya, na nyuma yake hubaki unga mweupe. Sauti hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, uani mwa jumba la kale katikati ya London, ambako kila majira ya baridi hutandazwa uwanja wa barafu na watu wa kila rangi huja kuzunguka chini ya taa. Upepo kutoka mtoni ulikata masikio. Harufu ya karanga zilizokaangwa kwa sukari ilikuwa imetanda, na jua, ingawa ilikuwa alasiri tu, lilikuwa limeshakwenda zake.

Nilikuwa nimefika Uingereza miezi michache kabla, kutoka Lushoto, kuja kuishi na mama yangu mzazi. Yeye alitangulia nikiwa mdogo sana, akaniacha kwa mdogo wake, Mama Mdogo Rehema, aliyenilea hata nikamwita Mama bila kuongeza neno jingine. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami niliushika msemo huo kama hukumu. Mama mzazi alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Tuliishi Peckham, kusini mwa jiji, ghorofani, juu ya maduka yanayouza ndizi mbichi, dagaa na nywele za bandia. Alikuwa mwanamke mwepesi, mwenye sauti ya kuamuru, anayejua kila basi linakwenda wapi. Alinilisha vizuri, alinivisha vizuri, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita Mama. Nilimwita kama walivyomwita majirani, Mama Neema, ilhali Neema mwenyewe ni mimi. Aliitika kila mara, wala hakunisahihisha.

Jioni moja, akiwa anasukuma chapati, nilimwambia kwamba nataka kurudi Lushoto, nyumbani kwa Mama. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea na kazi.

"Subiri Pasaka," alisema bila kugeuka. "Shule zikifungwa, ukiwa bado unataka kwenda, nitakukatia tiketi. Sitakulazimisha kukaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Upole ule ulinitia hofu zaidi, kwa kuwa nilijua ni ahadi, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Wiki hiyo hiyo rafiki yake wa kazini, dada mmoja wa Kikenya ambaye wanawe walikuwa wameshikwa na mafua, alitupa nafasi zao mbili za kuteleza kwenye barafu. Jumamosi tukapanda basi. Tulipewa viatu vizito vyenye makali ya chuma chini, tukavifunga kamba hadi vifundo vya miguu vikauma. Mama aliingia wa kwanza, kifua mbele, kama alivyoingia kila mahali katika jiji lile. Hakufika mbali. Miguu ilimtangulia, mikono ikapunga hewani, akakaa kitako katikati ya watu, kofia yake ikiserereka peke yake mpaka upande wa pili. Alijaribu kusimama, akaanguka tena. Watoto wadogo walimpita kushoto na kulia. Nikauona uso wake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaona hofu ndani yake. Yule aliyejua kila kitu alikuwa hajui aweke wapi mguu.

Mimi nilikuwa bado nimeshika ukingo, lakini miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuelewa. Lushoto mvua za masika hugeuza udongo mwekundu wa milimani kuwa utelezi mtupu, na sisi watoto tuliushuka kila asubuhi kwenda shule. Siri yake ni kukunja magoti na kuinama mbele kidogo. Anayeogopa na kuegemea nyuma ndiye anayeanguka. Nikauachia ukingo. Nilikwenda polepole, hatua fupi fupi, mpaka nikamfikia.

"Mama, usiegemee nyuma," nilimwambia, nikimpa mikono miwili. "Kunja magoti. Kama tunaposhuka mlima wakati wa masika."

Neno nililolisema tulilisikia sote wawili, na hakuna aliyeligusa.

"Nimesahau kushuka mlima," alisema.

"Mimi sijasahau. Nishike."

Tukazunguka hivyo, mimi nikimvuta, yeye akinifuata ameinama kama mtu anayetafuta sindano. Alianguka tena, akaniangusha nami, na pale chini akacheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Kilikuwa kicheko cha Mama Mdogo Rehema kabisa. Kuteleza si kuanguka, husemwa, lakini siku ile tulifanya yote mawili, na yote yalikuwa matamu.

Baadaye, kwenye benchi, tukinywa chai ya tangawizi aliyobeba kwenye chupa, alisema ghafla, "Siku niliyoondoka ulikuwa umelala. Nilimwambia Rehema asikuamshe. Ungelia, nisingepanda basi."

"Niliamka," nikamjibu. "Niliusikia mlango."

Alinifunika kwa upande mmoja wa koti lake, nami sikujiondoa. Pasaka ilipofika hakuna aliyetaja tiketi.

Leo mimi ni mwanamke mzima, na wanangu, waliozaliwa papa hapa London, hupita juu ya barafu kama samaki majini. Wanaelewa kila neno ninalowaambia kwa Kiswahili, kisha hunijibu kwa Kiingereza. Hawajawahi kuteleza kwenye udongo mwekundu, na sidhani kama wamepungukiwa; kila mtoto hujifunza kusimama kwenye utelezi wa kwao. Mama amestaafu. Amejenga Lushoto, karibu na Mama Mdogo Rehema, na wawili hao hugombana kila siku kuhusu kuku. Kati yake nami pamelala umbali ule ule wa utoto wangu, bahari ile ile na jangwa lile lile. Ila zamani alikuwa mbali nami simjui. Sasa akipiga simu, kabla hajasema neno, kwa namna anavyovuta pumzi tu, najua kama amelala vizuri.